Falone na Sindano za Kasereka

Matela, godoro la Falone, ilikuwa imelowa tena. Scholastique aliishika pembe moja, akaiburuta mpaka uani huku akisonya. Msimu wa mvua hapa Bunia nguo hazikauki, na yeye kila asubuhi alikuwa na blanketi la kufua.

"Weye Falone! Miaka kumi, na bado unakojoa kama mutoto wa mugongoni? Niko nachoka, unasikia? Niko nachoka!"

Falone aliinamisha kichwa. "Mama, mimi siendi retreti."

Watoto wa komunyo ya kwanza walikuwa karibu kwenda kulala pamoja parokiani kwa mafungo hayo. Asiyelala kule hapokei komunyo. Jamani, aibu gani hii? Shangazi yake Falone alishamfunga mtoto chura kiunoni, kama wazee walivyofanya. Chura alitoroka, mkojo ukabaki. Scholastique naye alishamkataza mtoto kunywa maji tangu asubuhi. Wapi!

"Leo tunaenda kwa Kasereka," alisema.

Kasereka alikuwa anachoma watu sindano nyembamba za Kichina, nyumbani kwake. Scholastique aliamini sindano kuliko vidonge. Kidonge mtoto anakitema, lakini sindano inaingia tu.

Njiani walikutana na jirani yao Mireille, muuguzi wa kituo cha afya.

"Mama Falone, mbio hivi munaenda wapi?"

Scholastique alimmwagia yote.

"Sindano zake Kasereka anazitoa wapi?" Mireille aliuliza.

"Mu kikombe. Ziko mu alkoli."

"Zilezile za watu wote? Eh! Mutoto atatoka kule na ugonjwa wa ini, ao SIDA, ule ukimwi!"

"Sasa nifanye nini?" Scholastique alifoka. "Nifue mpaka nife?"

"Sikia. Kazi ya sindano hizo inaitwa akupunktia. Hazina dawa ndani. Watoto wengine wanaonekana kupata nafuu, lakini wanaochunguza mambo hayo hawajapata hakika. Anayechoma lazima awe amesomea, na kila mutu apate sindano mupya, inatoka mu pakiti. Lakini kwanza tumupime mutoto mukojo. Falone, choo yako iko namna gani?"

"Ngumu. Inauma."

"Na maji unakunywa saa ngapi?"

Falone alimtazama mama yake kwa woga. "Mama anakataza. Nakunywa magaribi, kwa bomba. Mingi."

"Looo!" Scholastique alishika kiuno.

"Ndiyo hiyo," Mireille alisema. "Choo ngumu inabana kibofu, na maji yote yanaingia wakati wa kulala. Anywe vizuri asubuhi na muchana, magaribi kidogo tu. Akojoe mbele ya kulala. Ale papai na maharagi. Na makelele uache, Mama Falone. Hakojoi kwa makusudi, amelala! Mu familia yenu, nani alikojoa akiwa mukubwa?"

Nyumbani Scholastique alimuuliza mumewe, Vital, swali hilo. Vital akaanza kufunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimeshafungwa.

"Mpaka nilipoingia sekondari," alisema polepole.

"Na umenyamaza wakati wote huo, mimi niko nafua!"

Mkojo wa Falone ulipimwa, haukuwa na ugonjwa. Choo kikalainika. Matela ikaanza kuamka kavu, kisha imelowa, kisha kavu tena. Scholastique alifunga mdomo, ingawa ulimwasha kweli. Kwa Kasereka hawakwenda. Siku ya retreti ilipofika, Falone mwenyewe alisema atakwenda, na mama akamtilia kikwembe, kitenge cha akiba cha kujifunga, kwenye mfuko.

Jumapili mtoto alirudi bila kikwembe. Scholastique alipekua mfuko wake.

"Kikwembe kiko wapi? Ulikojoa?"

"Hapana, Mama. Mwenzangu ndiye alikojoa. Nilimupa changu avae kabla wengine hawajaamuka. Nikamwambia aende kwa Mama Mireille."

"Mutoto wa nani huyo?"

"Siwezi kusema, Mama. Utamuchekea."

Scholastique alifungua mdomo amkemee, akaacha. Alimvuta Falone kifuani.

"Basi, usiniambie," alisema.