Sahihi ya Mkuu wa Benki

Haya hayakunipata mimi. Yalimpata rafiki yangu Redempta, aliyekuwa akikagua noti za kale katika ofisi isiyo na dirisha, kule Airport Freezone, Dubai, mwaka 2006.

Mchana mmoja aliletewa noti ya Marekani, ya zama zile benki ya kila mji ilipotoa noti zake na wakubwa wawili wakazitia sahihi kwa mkono. Hii ilikuwa na sahihi moja. Mahali pa mkuu wa benki palikuwa patupu.

"Bila sahihi ya pili bei inaanguka, sir," alimwambia bosi wake kwenye simu.

"Khalas, ifungie. Nakuja."

Akaifungia kwenye kabati la chuma. Mara umeme ukakatika, kukawa kiza totoro. Kiyoyozi nacho kikanyamaza. Kisha mtu akabisha taratibu, ngo, ngo, ngo.

"Karibu," Redempta akaitikia, kwa mazoea ya nyumbani.

Mlango haukufunguka. Ndipo alipotambua kuwa aliyebisha yumo kabatini. Ikafuata sauti ya kalamu ikikwaruza karatasi bila haraka, halafu pumzi ya mtu anayepuliza.

Taa ziliporudi, alifungua kabati. Palipokuwa patupu pana sahihi. Akaigusa, na wino ulikuwa haujakauka.