Kushoto Kuna Ukungu

Ngiiiiiii.

Uzi mwembamba wa sauti, umenyooka, hauna kituo wala pumzi. Nilikuwa nimefumba macho kama kawaida yangu ninaposikiliza, nikadhani ni sehemu ya wimbo. Nikausimamisha wimbo. Ngiiiiiii. Nikachomoa visikilizio masikioni. Ngiiiiiii. Ilikuwa inatoka ndani ya kichwa changu mwenyewe, upande wa kushoto, na siku ile ilikuwa ya tatu.

Nikafumbua macho. Watu wawili walikuwa wananitazama kama washtakiwa wanaosubiri hukumu.

Mmoja alikuwa bosi wetu, mwanamke wa makamo tuliyemwita Mama Mkuu, mwenye karakana ya visikilizio, vile vidogo vya kuingiza ndani ya sikio. Wa pili alikuwa Fundi. Mchumba wangu. Miezi saba alikuwa ameinama chini ya kioo cha kukuza, akiunganisha nyaya nyembamba kuliko unywele, mpaka akapata jozi ya kwanza aliyoibuni yeye mwenyewe, mwanzo hadi mwisho. Jumamosi mwimbaji mmoja mkubwa alikuwa aivae jukwaani. Lakini hakuna kitu kilichotoka karakana ile kabla mimi sijakisikiliza na kuandika nilichosikia. Waliniita Mzani, na jina hilo nililivaa kama taji.

"Mbona umenuna?" Fundi akauliza, kicheko chake kimejaa wasiwasi. "Sema basi. Besi vipi?"

"Besi ina adabu. Inabisha hodi kabla ya kuingia."

"Eeh! Na sauti ya mwimbaji?"

Nikafumba macho tena. Sauti ya mwimbaji ilipaswa kusimama katikati, hapa kwenye paji la uso. Ilikuwa imehamia kulia, kama mtu aliyegombana na jirani yake. Matoazi ya kushoto yalilia kama yanapigwa chini ya blanketi.

"Mzani," Mama Mkuu akasema, "sisi hatukuja kukutazama ukilala."

Kulikuwa na mawili tu: ama kisikilizio cha kushoto ni kibovu, ama ni sikio langu. Na njia ya kujua ilikuwepo, sheria ya kwanza ya karakana: usilaumu upande kabla ya kubadilisha upande. Cha kushoto unakiweka kulia, cha kulia unakiweka kushoto. Ukungu ukihama, kosa ni la kisikilizio. Ukibaki palepale, kosa ni la sikio. Kazi ya sekunde kumi.

Sekunde hizo kumi sikuthubutu kuzitumia.

"Kushoto kuna ukungu," nikasema.

Kicheko cha Fundi kikakatika. "Ukungu gani?"

"Sauti za juu zimefifia. Mwimbaji amehama katikati."

"Umebadilisha upande?" Mama Mkuu akauliza.

"Nimebadilisha."

"Ukungu ukahama?"

"Ukahama."

Maneno mawili. Nimewahi kubeba magunia mepesi kuliko hayo.

"Lakini jana nilivipima kwa mashine!" Fundi akasema. "Mistari ya pande mbili ililaliana kama mapacha. Mama Mkuu, uliiona mwenyewe!"

"Mashine haiendi jukwaani, binti yangu. Masikio ndiyo yanayokwenda. Nakupa hadi saa kumi jioni utafute hilo kosa. Usipoliona, mwimbaji nampelekea vile vya zamani, na wewe unarudi kwenye meza ya kubandika nyaya zilizokatika."

Akaondoka. Fundi akanishika mkono pale mlangoni.

"Mpenzi, hebu nitazame. Una uhakika?"

"Unayatilia shaka masikio yangu?" Nilifoka. Mwoga hana silaha nyingine ila makelele.

"Siyatilii shaka," akasema taratibu. "Ndiyo maana naumia."

Akarudi mezani kwake. Mimi nikaaga kwamba nakwenda kupata hewa.

Hewa sikuipata. Nilipata benchi la mbao kwenye zahanati ya masikio, mitaa miwili kutoka kazini, na juu ya benchi lile nikamkumbuka baba yangu. Alikuwa fundi wa mashine ya kusaga. Masikio yake yalikufa akiwa na miaka arobaini, na tangu hapo watu wakaanza kumsengenya mbele ya uso wake. Shemeji, majirani, hata sisi watoto. Alikuwa anatabasamu tu, akiangalia midomo yetu. Kitu kilichonitisha si ukimya. Ni lile tabasamu.

Daktari alikuwa mzee mwenye mikono ya baridi. Alichungulia kulia, akachungulia kushoto, akagonga uma wa chuma wa kupimia usikivu kwenye goti lake na kuusimamisha katikati ya paji la uso wangu.

"Unausikia wapi?"

"Kulia."

"Kulia tu?"

"Kulia tu."

Akaacha kutabasamu. "Siku ngapi sasa?"

"Tatu. Nilidhani ni nta, daktari. Nilidhani litazibuka."

"Mtu akiamka jicho moja halioni, anakuja hapa mbio bila viatu. Sikio likizima, anangoja lizibuke." Akatikisa kichwa. "Si nta, kijana. Ni huko ndani kabisa, kwenye mshipa wa kusikia."

"Litarudi?"

"Kwa wengine linarudi lote. Wengine nusu. Wengine halirudi. Kinachojulikana ni kimoja tu: dawa unaanza leo, hapa, mbele yangu. Kila siku unayoificha hali hii, bahati yako inapungua. Nani yuko nawe nyumbani? Umemwambia nani?"

Simu ilitetemeka mfukoni.

"Nimekagua nyaya zote. Sioni kosa."

Ikatetemeka tena.

"Nimetazama kwa kioo mara tatu. Sioni. Labda mimi si fundi kitu, nilikuwa najidanganya tu."

Nilikuwa bado nameza vidonge pale mbele ya daktari ujumbe wa tatu ulipoingia.

"Mpenzi, nakata kifuniko cha kushoto. Nikishakata hakifungiki tena kabla ya Jumamosi, najua. Lakini wewe hukosei. Niombee."

Maji yakanipalia. Nikampigia. Nikaweka simu sikioni kama nilivyozoea, kushoto. Kimya. Amezima simu! Nikahamisha kulia. Ilikuwa inaita. Ilikuwa inaita muda wote ule, tena kwa nguvu. Hapo ndipo hofu ilipoacha kuwa wazo, ikashuka miguuni.

Hakupokea. Nilijua kwa nini. Akishika msumeno wa umeme huvaa miwani ya kazi na kuiweka simu mbali, asije akashtuka na kuharibu.

"We kijana! Cheti chako!" daktari akaita. Nilikuwa nimeshatoka.

Nikakimbia. Kwenye njia panda nikakata barabara bila kugeuka, na pikipiki ikapita kifuani pangu, karibu mno, upepo wake ukanivuta shati. Ilikuwa imetoka kushoto. Dereva alisimama mbele, uso umemvimba kwa hasira.

"Nimepiga honi tangu kule! Wewe kiziwi?"

Nikafungua mdomo nimjibu tusi, maana mimi si mtu wa kumeza tusi. Tusi likagoma kutoka. Nikasema, "Ndiyo, kaka. La kushoto."

Akanitazama, akashusha sauti. "Basi vuka taratibu, ndugu yangu. Utakufa."

Ngazi za karakana nilizipanda tatu tatu. Kabla ya kufika juu nikausikia msumeno, ule mlio mkali kama nyuki aliyefungiwa kwenye chupa. Nikasukuma mlango. Fundi ameinama, kisikilizio cha kushoto kimebanwa kwenye jiliwa, vumbi jeupe linaruka.

"Acha!"

Hakusikia.

"Fundi! Acha!"

Nikajitupa ukutani, nikachomoa waya wa umeme. Msumeno ukalia, ukakohoa, ukanyamaza. Akavua miwani. Macho yalikuwa mekundu, na si kwa vumbi.

"Umefanya nini? Nimeshaanza kukata!"

"Umefika ndani?"

"Bado. Kuna mchubuko juu tu. Kwani vipi? Mbona unatetemeka hivyo?"

"Usikate. Hakina kosa."

"Nini hakina kosa?"

"Kisikilizio chako. Ni kizima. Sikubadilisha upande."

Niliona jinsi maneno yalivyoingia, moja baada ya jingine.

"Ulisema umebadilisha."

"Nilidanganya."

"Ulisema ukungu umehama."

"Nilidanganya, mpenzi wangu. Sikio langu la kushoto halisikii. Leo siku ya tatu. Nilijua nikibadilisha nitaujua ukweli, na sikutaka kuujua."

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alikifungua kisikilizio kutoka kwenye jiliwa, akakifuta vumbi kwa kitambaa, akaupitisha ukucha juu ya ule mchubuko. Kisha akaita kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mama Mkuu, tafadhali njoo kidogo."

Mama Mkuu akaja.

"Kaa," Fundi akaniambia.

Nikakaa. Akanivalisha visikilizio kwa mikono yake, akauwasha ule wimbo.

"Ukungu uko wapi?"

"Kushoto."

Akavichomoa. Akabadilisha: cha kushoto kulia, cha kulia kushoto.

"Sasa?"

"Kushoto."

"Sema kwa sauti. Mwenye karakana asikie."

"Kushoto!" Nikamgeukia mwenye karakana. "Mama Mkuu, ukungu haujahama. Visikilizio ni vizima. Kibovu ni mimi."

Mama Mkuu akavuta kiti, akakaa. Alionekana amezeeka ghafla.

"Miaka minne nimekuamini kuliko mashine," akasema mwishowe. "Nilikuwa nimrudishe binti wa watu kwenye nyaya kwa sababu ya kiburi chako. Umekwenda hospitali?"

"Nimetoka huko. Nimeanza dawa."

"Hilo ndilo jambo la akili pekee ulilofanya leo. Sasa andika. Uliyosema asubuhi yakanushe, uandike ya kweli, na jina lako liwe chini. Kabla sijatoka kwenye hiki kiti."

Nikaandika:

"Asubuhi nilisema jozi hii ina ukungu kushoto. Nilisema uongo. Sikio langu linaumwa na niliogopa kukiri. Besi ni nzito bila kusukumana. Sauti ya mwimbaji iko karibu, unasikia hata anapovuta pumzi."

Nikasita. "Kushoto sijui niandike nini."

Fundi alikuwa dirishani, ametupa mgongo. Kisha akaja, akavivaa mwenyewe, akafumba macho. Wimbo ukaisha wote.

"Andika hivi," akasema. "Matoazi ya kushoto yako mbali kidogo, safi, na kila moja linaisha lenyewe bila kukanyagwa na lifuatalo. Andika kwamba hayo nimeyasikia mimi niliyevitengeneza."

Nikaandika. Mama Mkuu akasoma, akaguna. "Ule mchubuko upige msasa, upake rangi. Jumamosi vinakwenda. Na kuanzia leo wewe Fundi unasikiliza. Huyu bwana atapumzika mpaka daktari aseme." Akatoka, akatuachia chumba.

Nikasema, "Nisamehe."

"Unajua umenifanya nini?" Sasa sauti ikapanda. "Siku nzima nimeitazama mikono hii kama mikono ya mwizi! Nimejiita mjinga kwa mdomo wangu mwenyewe! Nilikuwa nakata kazi ya miezi saba kwa sababu nakupenda na nakuamini. Neno moja tu lingetosha: Naogopa. Ungekufa ukilisema?"

"Nilidhani utaondoka."

"Kwa sikio?"

"Baba yangu alipoacha kusikia, watu walimsengenya mbele yake. Alikaa peke yake katikati ya watu. Nilimwona kila siku."

"Baba yako hakuachwa na masikio. Aliachwa na watu wasio na utu. Na wewe ulipokaa kimya siku tatu, mimi ulinihesabu kundi gani?"

Machozi yakanitoka mbele ya mwanamke, mimi niliyekuwa nikijigamba kwamba sijui yana ladha gani. Yana chumvi. Nilijua tu kama watu wengine.

Akakaa. Alianza upande wangu wa kushoto, akaona nageuza shingo, akainuka akahamia kulia.

"Daktari kasemaje?"

"Linaweza kurudi. Linaweza lisirudi."

"Na lisiporudi?"

"Sijui."

"Mimi pia sijui," akasema. "Na mimi naogopa, usidhani naigiza ujasiri hapa. Naogopa sana. Ila sijakusamehe bado, hilo lijue. Nitakusamehe nikiwa tayari, na pete siivui." Akanishika kidevu, akageuza uso wangu umwelekee. "Kesho zahanati tunakwenda wote. Lakini kabla hatujainuka hapa nataka ahadi. Usiniahidi moyoni, moyoni mwako nimeshapaona. Iseme. Kwa sauti."

Mlango ulikuwa wazi. Mafundi wengine walikuwa wamesimamisha kazi, na walikuwa wanasikiliza bila hata kujifanya. Nikasimama.

"Nikiogopa," nikasema, "wewe utakuwa wa kwanza kujua. Sitasubiri nipate ujasiri. Nitakuja nikiwa natetemeka hivi hivi, nikuambie naogopa, kabla sijamwambia mtu mwingine yeyote neno lolote. Nakuahidi."