Maiki ya Kiema

Jumamosi moja alasiri, mwaka wa tisini na nne, mtaa wa Shauri Moyo ulikuwa umetulia. Akina mama walikuwa wakianua nguo, na bendi ilikuwa ikifanya mazoezi katika ukumbi wa mtaa. Ondiek ndiye aliyepiga ngoma. Mwimbaji alikuwa Kiema, rafiki yake tangu shule ya msingi, mtu wa roki kwelikweli: nywele ndefu, gitaa la umeme, na midomo imegusa maiki kila anapoimba.

Kisha Kiema akaanza kukonda. Watu wakanong'ona, "Ana ule ugonjwa." Hata jina la ugonjwa wenyewe, jamani, waliogopa kulitaja! Wanabendi wakamwambia Ondiek, "Wewe ndiye beste yake. Fanya kitu, hiyo maiki tunaitumia sote."

Ondiek naye aliogopa mate ya rafiki yake. Akaifunga maiki kwa nailoni, akaikaza kwa mpira.

Kiema alipofika aliitazama. "Niaje, Ondiek. Hii ni ya nini?"

"Ni vumbi tu."

"Vumbi." Kiema akacheka kidogo. "Na nani ameifunga?"

Ondiek aliinama, akajifanya anakaza ngoma. Kiema akabeba gitaa lake akaenda zake. Huo ulikuwa mwezi wa Machi, na hakuimba tena.

Mkewe, Nthoki, alimfuata Ondiek mara mbili. "Shemeji, njoo tu umsalimie. Anataka muimbe hata wimbo mmoja." Shemeji akaahidi, asiende. Oktoba Kiema akafa.

Ibada ilifanyiwa ukumbini humo humo. Mhubiri alisema marehemu "aliugua kwa muda mfupi." Muda mfupi, miezi yote ile! Na maiki aliyoishika bado ilikuwa na ile nailoni. Ondiek hakuvumilia. Alikwenda mbele, akaitwaa maiki, akaichana nailoni, akaweka midomo pale pale alipoiweka Kiema.

"Kiema ameuawa na Ukimwi," alisema huku akilia. "Lakini nailoni hii niliifunga mimi. Alikuwa na miezi saba ya kuimba, nikamnyima. Nthoki, nisamehe."



"Ungekuja, shemeji," Nthoki akasema. "Alikuulizia mpaka siku ya mwisho."

FUNZO

Ndugu zangu, Ukimwi hauambukizwi kwa maiki, kwa kikombe wala kwa kupeana mkono. Dawa ya kuuponya hatuna, lakini miguu ya kumwendea mgonjwa tunayo. Mwendee leo, umkalie karibu, unywe chai yake. Msamaha wa Ondiek uliombwa mbele ya jeneza, na aliyestahili kuusikia hakuusikia.