Saini ya Msibani

Lori jekundu la Scania lilitimua vumbi kwenda Urambo, njia ile ile ya misafara ya zamani. Juu, marobota ya tumbaku kutoka Goweko. Chini yake, zimefichwa injini za droni.

Nyuma, kwenye Land Cruiser, alikuwa Dafrosa Limbu. Bastola ya Beretta pajani.

Aliyekaa pembeni ya dereva wa lori ni Majidi, muuza silaha aliyewekewa vikwazo na serikali. Orodha ya watu wa namna hiyo iliandaliwa na Kitengo cha usalama cha kina Dafrosa, kisha nakala zikaenda uhamiaji, polisi, forodha na benki. Jina likiwemo, huponi popote.

Dafrosa akabonyeza redio, akawaita polisi wa kizuizi cha mbele. "Kizuizini! Mzuieni Majidi."

"Jina halimo, afande," alijibu Sajenti Masanja. "Simzuii mtu bila jina."

"Waulize forodha."

"Nao hawanalo. Limeondolewa kwenye orodha wiki tatu zilizopita, kwa saini mbili. Ya Mzee Eustace..." Masanja akasita. "Na ya kwako, afande."

Dafrosa alikanyaga breki.

Wiki tatu zilizopita alikuwa Kipalapala, anamzika mama yake. Eustace, mkuu wa Kitengo, aliyemfundisha hata kushika bastola, alilala turubaini na wanaume wa ukoo. Alichimba kaburi. Alibeba jeneza. Jioni akatoa faili.

"Ruhusa yako ya msiba, mwanangu. Saini tu, usijisumbue kusoma."

Nani angemkagua mtu mwenye udongo wa kaburi la mama yako mikononi? Alisaini. Lori likipita leo, msaliti ni Dafrosa, na jela ni ya Dafrosa.

Eustace angempiga risasi, Dafrosa angemwelewa. Lakini kuvizia kilio cha mama! Mzee yule hakuwa na haya hata kidogo. Iliuma kuliko msiba wenyewe.

Kulitoa jina kulitaka saini mbili. Kuliingiza kwa dharura, moja ilitosha. Dafrosa alitandaza fomu juu ya boneti, akaandika jina la Majidi. Kalamu ikasimama.

Akaandika la pili.

Alipiga picha, akaituma ofisi zote nne.

Dakika kumi.

"Tunaye, afande," Masanja aliita. "Injini arobaini. Hakuna risasi iliyolia."

Simu ikaita. Eustace. Kwa mara ya kwanza maishani, Dafrosa hakumpa shikamoo.

"Mwanangu, nimezuiwa uwanja wa ndege. Eti nimo kwenye orodha!"

"Umo. Nimekuandika mwenyewe."

"Nitoe, nakuomba. Mimi nilimbeba mama yako."

"Ulimbeba. Na mimi nilikuita baba. Kukutoa kunataka saini mbili, mzee. Ya kwangu huipati tena."

Alikata simu, akafuta machozi kwa kiganja, akawasha gari na kwenda kumchukua Majidi.