Meere Anakubali Kila Kitu

Shule ilifunguliwa baada ya sikukuu za mwaka mpya. Watoto walirudi na ngozi kavu kwa chumvi, maana likizo nzima walikuwa majini. Mwalimu Tekaobo alipewa darasa la tatu. Alikuwa mgeni katika shule hiyo, lakini si mgeni wa visiwa hivi.

Darasa lilikuwa na paa na nguzo, bila kuta. Watoto walikaa kwenye mikeka. Upande mmoja mawimbi yalipiga mwamba. Upande mwingine darasa la nne waliimba hesabu kwa sauti.

Mwalimu alianza kwa sala. Kisha alifundisha kuzidisha.

"Mmeelewa?" aliuliza.

Watoto wote waliinua nyusi. Kwetu hiyo ni "ndiyo." Mtoto hampigii mkubwa kelele. Nyusi zinatosha.

Mwalimu aliridhika. Alimpenda hasa msichana mmoja aliyekaa nyuma, karibu na nguzo. Jina lake Meere. Macho yake yalikuwa chini muda wote. Hakusema neno. Akiulizwa lolote, aliinua nyusi haraka.

"Huyu amelelewa vizuri," Mwalimu alijisemea.

Lakini kazi za Meere zilimshangaza. Watoto waliambiwa wachore samaki, yeye akachora mtumbwi. Waliambiwa wajumlishe, yeye akanakili tarehe. Siku moja Mwalimu alimwita.

"Meere, niletee chaki."

Meere aliinua nyusi. Akabaki amekaa.

Biribo, mchekeshaji wa darasa, hakuweza kujizuia. "Mwalimu, amekubali! Ataileta Jumatatu!"

Darasa zima lilicheka. Meere aliwatazama wenzake, naye akacheka pamoja nao.

Mwalimu hakucheka. Aliona mtoto huyu ni mkaidi, au akili yake ni nzito. Alimweleza Mwalimu Mkuu Ioteba, mzee wa kanisa, mtu asiyependa maneno mengi.

"Muhula ukiisha nitampima mwenyewe," alisema Mwalimu Mkuu. "Akishindwa, arudi darasa la kwanza."

Jioni Mwalimu alipita nyumbani kwa Meere. Msichana huyo aliishi na bibi yake, Nei Bwakoa. Bibi alikuwa anachana majani ya mkadi kwa ajili ya kusuka mikeka.

"Karibu mwalimu, kaa mkekani. Amefanya nini?"

"Hajafanya kitu, mama. Ndiyo shida yenyewe. Hafanyi kitu." Akamweleza aliyosema Mwalimu Mkuu.

Bibi aliweka kisu chini. "Darasa la kwanza? Na mdogo wake yuko huko huko! Akae naye mkeka mmoja, wamcheke mpaka kanisani? La. Akirudishwa, ninamtoa. Atakaa hapa anisaidie kusuka. Mikono yake haina ujinga."

"Ana miaka minane tu, mama."

"Mimi nilianza nikiwa na sita. Niko hai, namshukuru Mungu."

Mwalimu alirudi kwake na moyo mzito. Alikuwa amekwenda kutafuta msaada, na sasa mtoto alikuwa karibu kuacha shule kabisa.

Wiki iliyofuata watoto walikuwa wanafagia uwanja. Upepo ulivuma. Mara nazi kavu ilianguka nyuma ya Meere, puu! Iliangukia pale pale alipokuwa amesimama muda mfupi kabla. Watoto wote waliruka. Mmoja alipiga kelele. Meere aliendelea kufagia. Hata hakugeuka.

Mwalimu alisimama akimtazama. Kisha alimwendea polepole kwa nyuma.

"Meere," aliita. Kimya. "Meere!" Kimya.

Alizunguka akasimama mbele yake. Akauliza kwa sauti ya chini, "Meere, wewe ni kaa?"

Meere aliinua nyusi.

"Unaishi kwenye shimo ufukweni?"

Meere aliinua nyusi tena, kwa heshima zote.

Mwalimu alihisi machozi. Alipiga magoti mchangani, akainua uso wa mtoto kwa mkono ili waonane. Akasema taratibu, kwa sauti ya wazi, "Masikio yako yanauma?"

Meere alimtazama mdomo. Akajibu kwa maneno. "Sasa hayaumi. Yanatoka maji."

Mwalimu alisogeza nywele zake. Shingoni palikuwa na usaha uliokauka. Palinuka mafuta ya nazi.

Siku hiyo hiyo alirudi kwa Nei Bwakoa. Bibi alikasirika kidogo.

"Masikio? Watoto wote hapa masikio yanatoka maji wakishapiga mbizi. Namtia mafuta ya moto kidogo. Mama yangu alitutia sisi wote."

"Na wote mnasikia vizuri, mama?"

Bibi alianza kuhesabu ndugu zake kwa vidole, akaishia njiani. "Kaka yangu Tiante hasikii," alisema. "Lakini yule ni mzee."

"Alianza lini kutosikia?"

 Bibi aliingia ndani kutafuta nguo ya kutokea.

Zahanati iko mwisho wa kijiji. Walikwenda wote watatu. Nesi Karotu ni mtu mnene, mpenda utani. Aliangalia masikio ya Meere kwa tochi ndogo. Utani ukaisha.

"Ndani ya sikio kuna ngozi nyembamba kama ngoma," alieleza. "Sauti ikigonga ngoma hiyo, tunasikia. Ngoma za huyu zimetoboka, kushoto na kulia. Usaha umejaa. Kwake, sauti yako, mama, ni kama mtu anayeongea ndani ya pango."

"Na mafuta yangu?" aliuliza bibi. "Ni safi. Nayachuja mwenyewe."

"Mafuta yako ni mazuri, mama. Kwa nywele. Kwa samaki. Sikioni hapana. Usitie mafuta, wala maji ya majani, wala kijiti. Vitu hivyo vinaingia na uchafu."

"Kwa nini basi hakusema kwamba hasikii?"

"Aseme nini? Hajui sisi wengine tunasikia nini. Anaona kila mtu anainua nyusi, naye anainua."

Nesi alisokota kitambaa safi, laini, kikawa kama utambi. Alikiweka sikioni kwa upole, akakitoa kimelowa usaha. Akaweka kingine, na kingine, mpaka kikatoka kikavu.

"Kausheni hivi mara kadhaa kwa siku. Usisukume ndani sana. Sikio likishakauka ndipo mtie dawa hii ya matone ninayowapa. Asipige mbizi mpaka nimruhusu. Akioga, azibe masikio kwa pamba yenye mafuta ya mgando, kisha aitoe. Kila wiki mumlete nimwone. Akipata homa, au kizunguzungu, au uvimbe nyuma ya sikio, msingoje wiki. Mje mbio."

"Atapona?" aliuliza Mwalimu.

"Usaha utakauka tukifuata dawa. Tundu huweza kuziba lenyewe. Lisipoziba, tutampeleka kwa daktari wa masikio kisiwa kikuu. Ila kuanzia kesho akae mbele. Semeni naye mkiwa mnamwelekea. Na yeye awaangalie usoni."

Nei Bwakoa alishtuka. "Amtazame mwalimu usoni? Watu watasema nimelea nguruwe!"

"Mama," alisema Nesi, "huyu anasikia nusu kwa masikio na nusu kwa macho. Ukimwambia ainamishe macho, umemziba sikio jingine."

 Bibi alimgusa Meere kidevu, akakiinua. "Haya. Nitazame."

Kazi haikuwa rahisi. Meere alilia akikatazwa kwenda majini na wenzake. Bibi aliacha kusuka kila asubuhi ili amkaushe masikio. Mwalimu alimhamishia mbele. Aliacha tabia ya kufundisha huku akiandika ubaoni. Na hakuuliza tena "Mmeelewa?" Aliuliza, "Nani ataniambia nimesema nini?" Usaha ulipungua, kisha ukakoma. Meere alianza kuuliza maswali, na baadaye hakukuwa na wa kumzuia.

Muhula ulipokwisha, Mwalimu Mkuu Ioteba aliingia darasani. Nei Bwakoa alikuja pia, akasimama nje ya nguzo, midomo yake ikisali.

Mwalimu Mkuu aliandika namba ubaoni. Akauliza swali huku ameuelekea ubao. "Meere! Jibu."

Meere alisimama. Macho yake yalitazama mgongo wa mzee yule. 

"Samahani, Mwalimu Mkuu," alisema Meere. "Sijasikia. Tafadhali geuka huku."

 Hakuna mtoto aliyewahi kumwambia mkubwa ageuke. Bibi alijifunika mdomo kwa mkono.

Mwalimu Mkuu aligeuka polepole. Alimtazama mtoto. Mtoto alimtazama mdomo.

"Nimeuliza, saba mara sita."

"Arobaini na mbili."

"Na nane mara sita?"

"Arobaini na nane."

Mzee alikohoa. Alimgeukia Mwalimu Tekaobo. "Huyu haendi popote. Abaki hapa hapa."

Nje ya nguzo, Nei Bwakoa alisema "Amina" kwa sauti ambayo hata darasa la nne waliisikia.

Ndipo Biribo aliinua mkono. "Mwalimu Mkuu, hata mimi lile swali la kwanza sikulisikia."

"Hata mimi," alisema aliyekaa karibu naye.

"Hata mimi. Mawimbi yanapiga kelele."

Mwalimu Mkuu Ioteba aliweka chaki chini, akawaelekea watoto wote.

"Basi," alisema, "tuanze upya."