Mkono Mmoja

"Katoni moja imeshatoka." Sauti ya mkuu ilikwaruza kwenye redio ya Motorola. "Inakwenda wodi ya nne. Ni sindano zilizotumika, wameziosha na kuzifunga upya. Msimamizi wa genge lao ndiye anayeijua namba ya katoni. Mbane."

Kachero waliyemwita Barafu alitazama saa. Saa tatu na dakika arobaini asubuhi.

Saa nne kamili wodi ya nne huanza kuchoma sindano. Muuguzi wa zamu ni dada yake, wa tumbo moja.

Alijua angepaswa kuogopa. Hakusikia kitu. Miaka kumi na tano ya kazi hii ilikuwa imemtia ganzi mpaka moyoni.

Akaupiga mlango wa ghala teke.

Ghala lilinuka jiki. Wanaume wanne wenye ovaroli na barakoa walikuwa wameinamia beseni la sindano.

"Mikono juu!"

Yupi Msimamizi? Faili lilisema jambo moja tu: aliwahi kuwa muuguzi.

Barafu akatoa mfukoni sindano mpya, akaivua kifuniko, akaviweka mezani.

"Mmoja mmoja. Ifunike."

Wa kwanza akashika kifuniko kwa vidole, akachomeka. Wa pili vilevile.

Wa tatu akakiacha kifuniko kilale mezani, akakichota kwa ncha ya sindano. Mkono mmoja. Mkono wa pili ameuficha mgongoni, kama wauguzi wanavyofunzwa.

"Shikamoo, Msimamizi."

Jamaa akachomoa sindano kutoka kwenye beseni, akamrukia. Ncha ikazama kiganjani mwa Barafu. Kitako cha bastola yake ya Beretta kikamlaza jamaa sakafuni.

"Namba!"

"Saba sifuri tatu!"

"Mkuu, saba sifuri tatu. Isifunguliwe."

Akatazama saa. Saa tatu na dakika hamsini na nane.

"Imezuiwa," mkuu akajibu. "Dada yako alishashika mkasi wa kuifungulia."

Barafu akatazama tone la damu kiganjani. Akataka kukamua jeraha.

"Usikamue," Msimamizi akasema, pingu mikononi. "Sabuni na maji yanayotiririka. Halafu wahi dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI, leo leo."

"Ahsante, mwalimu."

Akanawa taratibu. Polisi walipoingia, akawaachia ghala.

Wodini, dada yake alikiona kiganja kabla ya salamu.

"Kaka, umechomwa?"

"Kidogo tu."

"Kuchomwa hakuna kidogo." Akajaza fomu, akamtoa damu ya kipimo, akamkabidhi vidonge. "Siku ishirini na nane. Usiruke hata moja. Unaogopa?"

Barafu akasubiri jibu litoke huko ndani kulikokufa ganzi. Safari hii likatoka.

"Naogopa," akasema.

Akameza kidonge cha kwanza, akavaa miwani ya jua, akatoka.