Nani Anamfundisha Sagesse?

Uvumi ule ulimfuata Nabintu kutoka kanisani mpaka jikoni kwake Saltley, mtaa wa Birmingham, na haukutoka tena. Aliyeuleta ni Mama Henriette, baada ya ibada, wakati akina mama wanakunja vitenge vya kwaya. Alisema watu wa halmashauri ya jiji wanapita kwenye nyumba za watoto wanaosomea nyumbani. Wakikuta mama hana shahada, wanachukua watoto. Alipoulizwa ni nyumba gani hiyo iliyochukuliwa watoto, hakuitaja.

"Nimesikia tu, dada," alisema. "Na wewe fungua masikio."

Nabintu aliishia darasa la sita kwao Walungu, kisha vita vikaingia. Kiingereza chake kilikuwa cha dukani na cha kwenye basi. Tangu siku ile akawa anafunga pazia la mbele hata mchana. Mlango ukibishwa, anawaonyesha watoto kidole mdomoni. Maktaba iko karibu, lakini hakuwapeleka saa za shule, asije mtu akauliza.

Watoto wake walikuwa watatu. Sagesse, binti wa miaka kumi na mitano. Lionel, wa miaka kumi. Junior, wa miaka sita. Aliwatoa shuleni kiangazi kilichopita. Lionel alikuwa anaonewa na wenzake mpaka akawa halali wala hali, na Nabintu alipomtoa yeye, hakuweza kuwaacha wale wawili mbali na macho yake. Yeye na mumewe Cyriaque waliziandikia shule, wakaeleza kwamba watoto watasomea nyumbani. Hilo walilifanya sawasawa. Kosa lilikuja baadaye, tena kimyakimya.

Hawakuupanga mwaka. Walianza tu.

Cyriaque alikuwa anafanya kazi ya usiku katika kiwanda cha mikate. Asubuhi alirudi na unga kwenye nyusi, akanywa chai, akalala. Nabintu alipanga viti mezani kama alivyokuwa amepangiwa yeye utotoni: wote chumba kimoja, ubao mmoja, somo moja. Na kwao mtoto wa kwanza akiwa binti, ni mama wa pili. Sagesse anajua Kiingereza, basi Sagesse akashika kalamu ya ubao. Aliandika, wadogo wakanakili. Nabintu akiwa anachambua maharage jikoni aliisikia sauti ya binti yake ikisomesha, akamshukuru Mungu. Nyumba imekuwa shule.

Mambo yakaenda hivyo mpaka Noeli ikapita. Junior akaanza kusoma vitabu vyepesi. Lionel alikuwa ananakili kazi ileile ya Junior, anamaliza upesi, kisha anachora magari pembeni mwa daftari. Sagesse akapungua maneno. Ukimuuliza anajibu kwa Kiingereza, kifupi, halafu anakwenda kuosha vyombo. Cyriaque alisema binti amekomaa. Nabintu naye alitaka iwe hivyo.

Siku moja ya Januari jirani yao Raksha alibisha mlango, amekuja kurudisha chungio. Raksha ni mjane, Mhindi aliyezaliwa Kisumu, na Kiswahili chake ni cha Kenya. Aliwahi kufundisha watoto wadogo huko kabla hajahamia Birmingham. Nabintu alichungulia kwanza pembeni mwa pazia, ndipo akafungua.

"Kwani unanificha nini, Mama Sagesse?" Raksha alisema akivua viatu. "Mimi na hii magoti yangu, nitaiba nini nikimbie nayo?"

Alikuta darasa linaendelea. Akamwomba Junior amsomee, Junior akasoma. Akatazama daftari la Lionel, akayasifu magari tu. Kisha akauliza, "Na Sagesse anasoma nini huu mwaka?"

Junior akacheka, akawawahi wote kujibu. "Sagesse hasomi. Yeye ni mwalimu."

Hakuna aliyecheka naye. Sagesse aliifunika kalamu, akaiweka mezani polepole, akapanda ngazi. Juu wakasikia mlango ukifungwa.

Raksha alimfuata Nabintu jikoni, akavuta kiti bila kuambiwa.

"Sasa nieleze," alisema.

Nabintu akaeleza yote. Alieleza uvumi wa Mama Henriette, na pazia, na lile darasa lake la sita. Alisema hakuweza kumuuliza mtu, maana kuuliza ni kujitangaza. Raksha alimsikiliza mpaka mwisho. Akamwambia kwamba mkwe wake Neeta, kule Sutton Coldfield, anasomesha wanawe nyumbani. Mtu wa halmashauri aliwahi kuja. Aliuliza watoto wanajifunza nini, akatazama kazi zao, akaaga. Hakuuliza shahada ya mtu. Sheria ya Uingereza haimlazimishi mzazi awe mwalimu wa kusomea.

Nabintu akashusha pumzi.

"Ngoja, bado," Raksha alisema. "Sheria inataka kila mtoto apate masomo ya kutosha, yanayofaa umri wake na uwezo wake. Kila mtoto. Junior anapata. Lionel anapata masomo ya Junior. Sagesse nani anamfundisha?"

 Miezi yote ile Nabintu alikuwa ameogopa mgeni wa mlangoni, na binti yake alikuwa anaachwa nyuma mezani pake mwenyewe.

Akamwita Sagesse. Binti alishuka, akasimama karibu na jokofu. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, alisema na mama yake kwa Kiswahili.

"Wenzangu watafanya mtihani wa taifa kiangazi hiki, Mama. Mie sijaandikishwa popote."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaogopa. Nilifikiri nikisema, watakuja kumchukua Lionel na Junior."

Nabintu alikaa. Mikono yake ilikuwa na maji ya vyombo, hakuipangusa. Cyriaque, ambaye sauti zilikuwa zimemwamsha, alikuwa amesimama kwenye ngazi na shuka begani, na yeye alikuwa amesikia.

Raksha alimvutia Sagesse kiti. Kisha akawaeleza jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtoto wa shuleni, shule ndiyo inayomwandikisha mtihani. Mtoto wa nyumbani, mzazi ndiye anayetafuta kituo cha mitihani kitakachokubali kumpokea, na ndiye anayelipa ada. Vituo si vyote vinavyopokea mtoto wa nje, na kuandikisha kunafungwa miezi kadhaa kabla ya mtihani.

"Kwa hiyo mwaka unaupanga kuanzia mwisho wake," alisema. "Mtihani wa mkubwa uko wapi? Kutoka hapo mnarudi nyuma."

Cyriaque akashusha kalenda ya kanisa ukutani, akaigeuza upande mweupe. Sagesse ndiye aliyeandika, lakini safari hii aliandika yaliyo yake. Anataka kuwa muuguzi. Raksha alimwambia wazi kwamba masomo yote hayawezekani tena mwaka huu. Ni hesabu na Kiingereza tu. Sayansi, mwaka ujao. Sagesse alilia kidogo, kwa sababu wenzake watamtangulia. Mama yake hakumkataza kulia.

Kisha wakawapanga wadogo. Raksha alisema watoto wote wanaweza kukaa meza moja na jambo moja, lakini kila mmoja apewe kazi ya kimo chake. Akatoa mfano wa mkate. Junior ahesabu vikombe vya unga. Lionel apime gramu, agawe na kuzidisha kipimo cha watu wanne kiwe cha watu sita. Sagesse asome hamira inafanya nini ndani ya unga uliokandwa.

"Na mie nitafundisha nini?" Nabintu aliuliza. "Sijui mambo yao."

"Wewe unajua kusikiliza. Akisoma, mwambie akueleze kwa Kiswahili. Akishindwa kueleza, bado hajaelewa, anarudia. Na Lionel mpe baba yake kwenye hesabu. Si anapima unga kila usiku?"

"Napima magunia, mama," Cyriaque alisema. "Lakini kugawa najua."

Wiki ile Nabintu alipiga simu kwenye vituo, Sagesse pembeni akimsaidia Kiingereza. Viwili vilikataa. Cha tatu kilikuwa bado hakijafunga. Pazia la mbele likafunguliwa. Adhuhuri wadogo wakawa wanakwenda maktaba na mama yao, mkono huu Junior, mkono huu Lionel, ili nyumba iwe kimya, Sagesse asome. Vyombo akaosha Nabintu, au Lionel akinung'unika.

Siku moja Junior alikwama kwenye neno, akakimbilia mlango wa chumba cha dada yake akiita mwalimu, mwalimu. Nabintu akamshika bega.

"Mwalimu anasoma," alimwambia. "Njoo ulisome kwangu, tulitafute pamoja."

Agosti matokeo yakatoka. Sagesse alifaulu yote mawili. Alimsomea mama yake alama kwa Kiingereza, kisha bila kuambiwa akamweleza kwa Kiswahili maana yake. Wenzake walikuwa na masomo mengi zaidi, na yeye bado ana mwaka mwingine wa kazi. Lakini sayansi ilikuwa tayari imeandikwa kwenye kalenda mpya, na kituo kilikuwa kinajua jina lake.

Mzazi unayetaka kusomesha nyumbani, haya uyaepuke:

Usimtoe mtoto shuleni bila kuiandikia shule.

Usiamini uvumi ambao anayeuleta hawezi kumtaja aliyepatwa. Uliza panapojulikana.

Usijifiche. Halmashauri ikiuliza, jibu, uonyeshe kazi za watoto.

Usianze mwaka bila kujua mtihani wa mkubwa utafanyika wapi na kuandikisha kunafungwa lini.

Usiwape watoto wa umri tofauti kazi moja.

Usidhani ukimya wa mtoto ni kukomaa.

Usimfanye mtoto mkubwa kuwa shule ya wadogo zake.